Omulamula Nilioupanda Makaburini

Jumapili, tarehe 12 Novemba 1995. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika watu walipokuwa wanatoka misa ya kwanza, halafu ikarudi na upepo wa ziwani. Sasa ni manyunyu tu. Bati letu limepiga kelele mpaka mzee wangu ameizima redio. Anasema bora anyamaze mmoja.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na kazi ya makaburi ya mji. Siku ya kuagana mliniambia, "Ma Paskazia, tuandikie basi, usiondoke na mambo yote kichwani." Nilicheka. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza vizuri, maana nilikuwa nalea wadogo zangu. Lakini jana kulitokea jambo pale makaburini, na tangu jana sijui kama nilitenda vema au nilivuruga. Huenda nikiandika nitaona. Nisipoona, mtaona ninyi.

Nilianza kazi kwa kufagia soko. Vita vilipokwisha mwaka 1979 na watu waliokimbilia Muleba na visiwani wakarudi, mji ulikuwa umeota majani mpaka milangoni. Makaburini ndiko kulikuwa kubaya zaidi, misalaba ya mbao yote ilikuwa imekwisha. Wengine walisema askari waliipikia. Wengine walisema ni sisi wenyewe tuliobaki, kwa shida ya kuni. Wengine walisema mchwa. Nadhani ni wote watatu, na mchwa ndio waliokula mingi, ila mchwa hakuna anayewakasirikia.

Bwana Afya alituita akauliza nani atahamia makaburini. Wanaume wakatazama viatu vyao, wale waliokuwa navyo. Nikainua mkono mimi. Msinisifu kwa hilo. Pale sokoni nilikuwa nimegombana na mama mmoja muuza dagaa na sikutaka kumwona kila asubuhi.

Siku ya kwanza nilifika na fagio langu. Nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, anatafuna kahawa. Huyo ndiye Ta Adriani, mchimbaji, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii.

"Mama, unatafuta kaburi la nani?"

"Nimeletwa kufagia, waitu," nikasema kwa heshima.

"Hapa hapafagiwi. Hapa mtu anapalilia mpaka naye apaliliwe. Weka fagio, shika jembe."

Alinifundisha kwamba udongo wetu ni mwekundu na mlaini juu, halafu unakutana na mwamba, na kwenye mwamba beleshi ni kujichosha. Tumia mtaimbo, na usiupige kwa hasira. Alinifundisha kupima shimo kwa mwanzi badala ya hatua, kwa sababu miguu ya watu haifanani. Wakati wa mvua kama hii ya leo, mkishachimba lazeni magogo ya migomba juu, na bati juu ya magogo, muweke mawe. Na msimwambie mfiwa "pole na kazi". Niliwahi kusema hivyo wiki ya kwanza, Ta Adriani akaficha uso kwa kofia.

Mmoja wenu ametoka Mwanza, kwa hiyo nieleze jambo ambalo Mhaya hahitaji kuelezwa. Kwetu mtu hazikwi mjini. Mtu anazikwa kwenye kibanja, ndani ya migomba ya ukoo wake, karibu na nyumba, na kaburi lake ndilo linalosema kibanja hiki ni cha nani. Mwanamke aliyeolewa anazikwa kwa mumewe. Aliyeachika anarudishwa kwa baba yake, kama baba au kaka wanamtaka. Kwa hiyo makaburi ya mji ni ya watu waliokosa pa kurudi: wageni, watumishi wa serikali waliotoka mbali, waliookotwa ziwani. Na wanawake. Nilipoanza sikuelewa kwa nini wanawake ni wengi hivyo. Ta Adriani aliniambia, "Mwanamke ana vibanja viwili, na vyote si vyake." Nilifikiri anatania.

Misalaba ikiwa imekwisha, aliyejua nani amelala wapi ni Ta Adriani peke yake, na alikuwa anakohoa. Tulijaribu kuweka mawe. Yakaenda kujengea mafiga. Tukafukia chupa shingo zikitokeza, watoto wakazichukua. Ndipo siku moja nikaja na vijiti vya omulamula kutoka kwangu Nshambya. Ni ule mmea wa majani marefu uliosimama kila mpaka wa kibanja huku kwetu. Ukikata kijiti ukachomeka kinashika, hata kama mkono wako hauna baraka. Mchwa hawaugusi, mbuzi wanaunusa na kupita. Nikachomeka vinne kila kaburi, kila pembe kimoja.

Ta Adriani alikuja akasimama akatazama.

"We mwanamke, unajua unachofanya?"

"Naweka alama."

"Haya. Weka alama."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Sikuelewa kilichomchekesha, na hakunieleza mpaka naye akalala pale. Jana ndiyo nimeelewa, au nadhani nimeelewa.

Miaka ile mingine mnaijua. Ugonjwa ulipoanza uliitwa Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo, halafu ukaitwa mengine, halafu watu wakaacha kuuita. Zamani akifa mtu jirani, hakuna aliyeshika jembe mpaka matanga yaishe. Ikafika mahali ukifuata desturi hiyo hutalima mwaka mzima. Wazee wakapunguza siku za matanga, wakapunguza tena. Waliokuwa wanakuja kulia nao wakawa wanaletwa. Makaburini kwetu tulichimba mashimo kabla ya kuambiwa, jambo ambalo Ta Adriani aliliona ni mwiko, akalifanya huku ananuna.

Kesi ngumu kuliko zote kwangu ilikuwa Ma Kokugonza. Nitaeleza pande zote mbili, maana huyu kila mtu ana upande wake.

Alikuwa mtoto wa familia ya wakulima Wakatoliki wa kahawa na ndizi, huko Ijuganyondo. Akaolewa, akaondoka kwa mume, akaenda Kampala. Alichofanya Kampala watu wanakisema kama vile walikuwa naye chumbani. Mimi sikuwepo. Alirudi na cherehani na sanduku, akanunua kibanja chake mwenyewe, si mbali na cha baba yake, kwa mashahidi. Akamchukua binti yatima kutoka Muleba, Adelina, akamlea. Alikuwa na mdomo mkali. Aliwahi kumpiga mtoto wa jirani kwa mwiko. Lakini ugonjwa ulipokuja, na watu wakawa wanawapelekea ndugu zao uji kwa kuusukuma na kijiti mlangoni, yeye aliingia. Aliwaosha kwa mikono yake na kipande cha sabuni, hata wale waliokuwa wakimwita malaya. Akiwaosha hao aliwakumbusha walichosema, moja baada ya jingine. Nimelisikia hilo kwa wenyewe waliooshwa.

Halafu akaugua yeye. Alipokufa, wazee wa ukoo walisema hawawezi kumrudisha kwa baba yake. Hana mume, hana mtoto wa kumzaa, na ugonjwa wenyewe ni ule. Nikauliza, je, kibanja chake mwenyewe? Wakasema kibanja ambacho hakina kaburi la ukoo si nyumbani, na mwanamke hawezi kuwa kaburi la kwanza. Sikuona mlango katika maneno hayo. Akaletwa kwetu.

Kaka yake, Ta Leopoldi, alikuja mpaka langoni. Akasimama nje ameshika kofia, hakuingia. Watu wanamsema mpaka leo. Mimi niseme nilichokiona. Mwaka ule alikuwa amezika mke na kaka, na nyumbani alimwacha mgonjwa mwingine. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeishiwa. Adelina alikuwa mtoto mdogo, ameshika sufuria. Sijui kwa nini sufuria, labda ndicho alichokuta mkononi. Aliniuliza, "Mama atarudishwa lini nyumbani?" Nilichomeka omulamula pembe nne kama kawaida yangu.

Adelina alichukuliwa na masista, akakua huko. Ta Leopoldi akakitunza kibanja cha dada yake miaka yote hiyo, na haki yake nimpe: hujaona mgomba uliochoka pale. Mwaka huu Adelina amerudi, msichana mzima, fundi cherehani kama mama yake. Akaingia katika nyumba ile. Ta Leopoldi hakumfukuza. Lakini alisema nyumba ni nyumba, migomba ni ya ukoo. Adelina akasema mama yake alinunua vyote. Wakapelekana baraza la kata, na wazee wakaamua kwamba mpaka baraza likae, Adelina asikate mkungu hata mmoja. Kwetu anayekata mkungu ndiye mwenye kibanja. Mengine ni maneno.

Kwa hiyo tangu Pasaka binti huyu alikuwa ananunua ndizi sokoni, anazibeba kichwani, anapita nazo katikati ya migomba ya mama yake iliyolemewa na mikungu, anakwenda kuzipika. Hata Ta Leopoldi hakupenda kuliona hilo. Nilimsikia siku moja kanisani anamwambia mtu, "Yule mtoto ananitia aibu." Lakini alikuwa ameshasema, na mwanaume wa kwetu akishasema barazani hajui pa kupitia kurudi.

Hapo ndipo akaja Bibi Maendeleo.

Bibi Maendeleo wetu mpya anaitwa Jovita, msichana mwenye akili na mwendo wa haraka. Huko alikosomea aliona watu wakitembezwa makaburini na kuonyeshwa makaburi ya watu maarufu. Mwaka huu wanawake wanazungumzwa sana, naye akataka tufanye ziara ya wanawake mashuhuri wa Bukoba. Nilikuwa nimeshastaafu, akanifuata nyumbani.

"Mama, wanawake mashuhuri wamelala sehemu gani?"

"Mashuhuri kwa nani, mwanangu?"

Akafikiri. "Kwa jamii."

"Jamii ya wanaowasifu au ya wanaowasema?"

"Mama Paskazia," akasema, "wewe nionyeshe tu. Mimi nitasema."

Nilimwonyesha. Nilimtajia na ubaya wao, nisije nikaonekana nauza. Akachagua watatu: Bibi Sakina wa dukani, mkunga Felista wa Bumbire, na Ma Kokugonza. Sikulala vizuri. Ningemkatalia huyo wa tatu, kwa sababu ya shauri lililoko barazani? Au kumkatalia ndiyo kumfukuza mara ya pili? Nilimwuliza mzee wangu. Akasema, "Umeniuliza mimi niliyekuwa kiwanda cha kahawa?"

Jana basi, Jumamosi, watu wakaja. Wengi walikuwa akina mama wa Ijuganyondo na Nshambya, na hawakuja mikono mitupu, maana hatujui kwenda kwenye kaburi mikono mitupu. Kila mmoja alikuwa na fungu la nyasi kichwani za kutandika. Jovita alikuwa na kipaza sauti cha betri na makreti ya soda.

Kosa la kwanza lilitokea palepale langoni. Sisi hatutembei makaburini kwa matembezi. Mama akivuka lango la makaburi, mikono inakwenda kichwani na sauti inatoka yenyewe. Wakaangua kilio wote kwa pamoja, kilio cha kweli, na wengine wakaanza kuwalilia wafu wao wenyewe kwa majina.

"Akina mama!" Jovita akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Akina mama, leo hatulii! Leo tunasherehekea!"

Wakanyamaza. Wakatazamana. Bibi mmoja kizee akaniuliza kwa Kihaya kama kuna aliyefufuka. Halafu kwa heshima ya serikali wakapiga vigelegele. Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaendelea kulia. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mbele vigelegele, nyuma kilio, na mimi katikati sijui nifanye uso upi.

Kwa Bibi Sakina tulisimama nje ya ua, maana Wahindi wana sehemu yao. Jovita akasema miaka ya vita na shida aliwauzia watu chumvi kwa kijiko bila kupandisha bei. Ni kweli. Wapo pia wanaosema alificha sukari. Mimi stoo yake sikuingia. Mjukuu wake, Bwana Anwar, ambaye karibu ndiye pekee wa ukoo ule aliyebaki na duka hapa mjini, alikuwepo. Akasema, "Nashukuru sana. Bibi angeuliza soda hizi nani amelipia." Watu wakacheka, hali ikawa nafuu. Kwa mkunga Felista, aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi toka kisiwani hata ziwa likiwa limechafuka, mwanaume mmoja mrefu alisimama akasema yeye alizaliwa kwa mikono ile, tena matako mbele. Akapigiwa vigelegele kama vile kazi aliifanya yeye.

Tukafika kwa Ma Kokugonza. Adelina alikuwa ameshatandika nyasi, amepiga magoti pembeni. Jovita akaeleza habari za kuosha wagonjwa, akaeleza vizuri, mpaka waliokuwa wanalia nyuma wakaja mbele. Halafu akasema, "Na huyu ndiye mwanamke wa kwanza Bukoba kununua kibanja!" Mimi sikumwambia wa kwanza. Nilimwambia mmojawapo. Nilitaka kumsahihisha, nikamwona Ta Leopoldi.

Alikuwa amevaa koti na kofia, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Safari hii aliingia. Akavua kofia, akainua mkono, akasubiri kama mtu barazani.

"Nashukuru Bibi Maendeleo," akasema. "Nimesikia dada yangu akisifiwa na serikali. Basi kama ni mtu wa sifa, hapa si mahali pake. Ukoo umekaa. Tunaomba kibali, tumchukue akalale nyumbani, kwenye kibanja Ijuganyondo."

Vigelegele vikalipuka, vya kweli safari hii. Kizee aliyeniuliza kuhusu kufufuka akaanza kucheza. Jovita alikuwa anapiga makofi, machozi yanamtoka. Na mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaficha, kwa sababu ndilo nililotaka siku ile mtoto aliponiuliza na sufuria yake. Halafu nikamwona Adelina, na furaha ikasimama njiani.

"Mjomba," akasema. Hakusimama. "Baraza linakaa Jumatano."

"Ndiyo, mwanangu."

"Unataka Jumatano mama awe ameshalala kwenye kibanja alichonunua, mmemzika ninyi."

Vigelegele vikaisha kimoja kimoja. Walioelewa wakawaeleza wasioelewa. Ukoo ukishaweka kaburi lake kwenye kibanja, kibanja ni cha ukoo. Hakuna baraza litakaloshindana na kaburi.

Ta Leopoldi akaipinda kofia. "Wewe hukutaka mama yako arudi nyumbani?"

"Nilitaka siku ile."

Mimi nilimtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Naapa sikuona mwongo. Yule mzee alikuwa anataka dada yake, ilikuwa usoni. Na kibanja pia alikitaka. Mtu anaweza kutaka vitu viwili kwa mkono mmoja, na binti naye anaweza kumpenda mama yake na bado akataka alale mbali. Ningekuwa hakimu ningeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Yuko wapi hasa?" Ta Leopoldi akauliza. Akasogea. Ndipo akaiona milamula, pembe nne, imepita kimo chake, majani yamefungana. Wale wazee wawili waliacha kutembea.

"Nani amepanda hii?"

Wote wakanitazama mimi.

"Mimi, waitu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba. Mchwa walikuwa wanakula misalaba."

"Tangu lini mwanamke akapanda mpaka?"

"Sikupanda mpaka. Niliweka alama."

"Alama ya nini?"

Nikasema lililokuja: "Kwamba yupo, waitu."

Akashika shina la omulamula mmoja, ule wa kichwani, kama anayetaka kuupima uzito. Mzee mmoja, mfupi, mwenye fimbo, akamwambia polepole, "Leopoldi. Hapo pana mpaka."

"Haya ni makaburi ya serikali."

"Ndiyo. Pana mpaka. Wewe unauona, mimi nauona, na hawa akina mama wote wanauona."

Wewe wa Mwanza, hili ndilo Ta Adriani alilolicheka. Kwetu omulamula ukishashika kwenye pembe, waliomo ndani wana pao. Kuung'oa ni kesi, tena kesi ya aibu kuliko wizi. Na Ta Leopoldi mwenyewe ni mzee wa mipaka wa kitongoji chake. Ameshawapeleka watu barazani kwa kung'oa mmoja tu. Mimi miaka yote nilikuwa napita kati ya wanawake wale nikiwagawia vibanja, na nilidhani nawakinga na mbuzi.

Aliachia shina. Akajifuta mkono kwenye koti. Kizee aliyekuwa anacheza akasema kwa sauti, "Mawe, mama yangu! Kokugonza huyu! Hata kufa amejipatia kibanja!" Watu wakacheka, wengine wakarudia kulia, na nilimwona Ta Leopoldi mdomo unamcheza upande mmoja. Sijui kama kilikuwa kicheko.

Halafu akaniomba panga. Nilisita. Adelina akasimama. Akanitazama, ila mimi nikampa Ta Leopoldi, kwa sababu mtu akiomba kwa adabu nami nina panga, nafanyaje? Hakugusa shina. Alikata ncha moja, ya juu, yenye majani, akaifunga kwa ganda kavu la mgomba, akavaa kofia, akaondoka na wazee wake. Kukata ncha si kung'oa. Lakini ni nini?

Hilo ndilo lililoninyima usingizi jana. Akina mama walibaki wanabishana wakinywa soda. Wengine walisema atakwenda kuipanda kibanjani na kusema dada yake amerudi, na ncha ile itakuwa kaburi bila mifupa. Wengine walisema ni kumbukumbu tu. Jovita aliniuliza, "Mama, ziara imefaulu au imeharibika?" Nikamwambia sijui, mwanangu, ila wakati mwingine usiseme wa kwanza.

Kama ncha ile inakwenda kuwa kaburi, basi ni alama yangu mimi iliyomnyang'anya Adelina kibanja, na ni mimi niliyetoa panga. Kama siyo, sijui. Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi, nimelisali, nimeliandika, na karatasi inakwisha. Mzee wangu anasema nimekunja uso mpaka mvua inaogopa kuacha.

Naiacha kalamu kidogo. Kuna mtu uani.

Nimerudi. Alikuwa Adelina, amelowa mpaka mfupani, na mkungu wa ndizi kichwani, mkubwa mpaka shingo imeingia mabegani. Utomvu ulikuwa bado unadondoka. Nilimtua.

"Umenunua soko gani Jumapili?"

"Si wa soko."

Nikamkalisha jikoni kwenye moto. Akasema Ta Leopoldi alikuja mchana, peke yake, mvua ikinyesha, na ile ncha. Akapita mlango wa nyumba, hakubisha, akaenda mpaka kule chini kati ya kwake na kwa dada yake, penye omulamula wa zamani uliokauka tangu mwaka juzi. Akaung'oa mkavu, akachomeka ule wa makaburini katika shimo lilelile, akaushindilia kwa kisigino. Akasimama sana. Halafu akamwita Adelina atoke nje.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Njoo, huu mkungu umekomaa, utaoza.'"

"Nani alikata?" Mnajua kwa nini nilimwuliza. Akikata yeye akampa, ni ukarimu wa mwenye kibanja. Akikata binti, ni jambo jingine.

Adelina akafikiri, na alitaka kusema kweli, nilimwona. "Mjomba aliushika usianguke. Panga lilikuwa mkononi mwangu."

Nikamwuliza panga alilitoa wapi. Akasema mjomba alimpa. Nikamwuliza alimpa kabla ya kuushika mgomba au baada. Mzee wangu akasema kutoka chumbani, "Mama, baraza ni Jumatano! Mwache mtoto akauke!"

Basi sijui. Jumatano watasema watakalosema, na Ta Leopoldi anaweza kusimama akasema alimsaidia tu mtoto asinyeshewe. Ma Kokugonza bado yuko kwenu, kati ya milamula yake minne, mmoja hauna ncha. Utachipua pembeni, msiupunguze. Mvua ikiacha, jalizieni udongo upande wa chini, unamomonyoka. Na vile vijiti vingine nilivyopanda, sasa mnajua ni nini. Mimi nisingewaambia mving'oe, wala nisingewaambia muongeze. Amueni wenyewe.

Jioni hii tumekula ndizi zile na maharage, na senene kidogo tuliopewa na jirani, waliokaangwa na kitunguu. Adelina alimenya mwenyewe, hakuniachia hata moja. Mzee wangu alionja, akauliza ndizi hizi ni za wapi, mbona laini hivi.

"Za nyumbani," Adelina akasema.

Mzee akasogeza sahani yake, aongezewe.